Picha Zilizosafishwa

Zipora hakuwa ameiona bahari hata siku moja, lakini sakafu yake aliijua kuliko alivyoyajua mashamba ya Haneti alikozaliwa.

Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja kirefu mjini Dodoma, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Mradi ulikuwa wa kupima miamba ya matumbawe ya pwani ya kusini, na watu walicheka wakisikia kwamba bahari inapimwa mahali ambapo hata mito hukauka. Lakini wizara zilikuwa zimehamia Dodoma, kompyuta nazo zikahamia, na Zipora, aliyetoka chuoni na shahada ya mambo ya ramani, akapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule pwani wazamiaji wawili walishuka kwenye mwamba wa Nyamanga na kamera iliyofungwa ndani ya boksi lisilopitisha maji. Waliogelea polepole juu ya mwamba, kwenda na kurudi kama mtu anayelima kwa ng'ombe, wakipiga picha kila baada ya hatua moja. Picha zikifika Dodoma, kompyuta iliziunganisha maelfu kwa pamoja, ikatoa ramani ya mwamba mzima na vilima na mabonde yake. Baada ya miezi mitatu wanapima tena. Ukiweka ramani mbili pamoja unaona tumbawe lipi limekua, lipi limepauka kwa joto la maji, na lipi limekufa likavikwa mwani.

Ila kompyuta ile haikupenda kitu kinachosogea. Samaki aliyekatiza, viputo vya hewa, mkono wa mzamiaji, mapezi yake ya mpira, hata kivuli chake, vyote viliiharibia hesabu. Kwa hiyo kabla ya kuunganishwa, kila picha ilipaswa kusafishwa. Zipora alikizungushia mstari kitu kisichotakiwa, na kilichobaki ndani ya mstari kikageuka cheusi. Kompyuta ikahifadhi umbo lile jeusi kwenye faili dogo la pembeni, ili ijue mahali pa kuruka. Wao waliyaita mafaili hayo vivuli. Halafu picha yenyewe ya mwanzo, iliyokuwa nzito, ilifutwa ili diski isijae. Bwana Ernest, mkuu wao, aliiandika kanuni hiyo kwa kalamu nene na kuibandika ukutani: *Safisha, hakiki, futa.*

Mzamiaji aliyeonekana zaidi kwenye picha hizo aliitwa Shaibu. Mwenzake, Imrani, alikuwa mtu wa pwani, lakini Shaibu alikuwa mtoto wa Mpwapwa. Kuogelea alijifunzia kwenye bwawa la Mtera, alikokuwa akifuatana na mjomba wake kununua samaki. Alikuja Dodoma mara moja tu, siku tatu, kuwafundisha wafanyakazi wapya namna ya kuyasoma matumbawe. Siku ya kwanza Zipora alikuwa ameyawekea alama ya uzima matumbawe yote meupe, kwa kuwa aliyaona masafi, yanapendeza. Shaibu aliinama nyuma ya kiti chake akatazama.

"Dada Zipora," alisema, "hapa unawapa vyeti vya afya wagonjwa mahututi. Nyeupe ndiyo homa yenyewe."

Wote walicheka, na Zipora naye akacheka, uso umemwiva. Siku zote tatu hakumwambia neno lolote lisilo la kazi. Lakini baada ya Shaibu kurudi pwani, walianza kuandikiana. *Kaka, picha ya 40 hadi 52 zina ukungu.* Jibu likaja: *Samahani dada, kundi la samaki lilikuwa linawahi harusi likatimua mchanga.* Yalikuwa mambo madogo hivyo. Zipora aliyasoma mara mbili mbili kabla ya kuweka simu chini.

Devota, aliyekaa meza ya pili, hakupitwa na kitu.

"Zipora, mume wako wa majini ameleta picha."

"Si mume wangu."

"Basi nipe mimi nisafishe. Maana wewe ukimkata unamkata taratibu kama unamnyoa ndevu."

Ni kweli alimkata taratibu. Mikono ile aliifahamu, na namna mapezi yalivyopishana. Mwaka mzima alimtoa Shaibu kwenye picha elfu kadhaa, na hakuona ajabu, kwa kuwa kadi ya kamera inayofuata ingemrudisha.

Aprili maji ya pwani yalipata joto kupita kawaida, na wazamiaji wakatumwa Nyamanga kuona hali. Asubuhi ile walishuka mara tatu. Wakabadilisha kadi ya kamera, iliyojaa ikabaki kwenye boti, wakashuka mara ya nne. Chini huko mkondo uliwatenganisha. Imrani aliokotwa jioni, mbali, akiwa hai. Shaibu hakuonekana. Walimtafuta siku tisa kwa boti, wakauliza kila kijiji cha ufukweni, kisha wakaacha.

Kadi iliyobaki kwenye boti ilinakiliwa, picha zake zikatumwa Dodoma kwenye diski. Bwana Ernest aliishika mkononi kama mtu aliyeshika kitu cha moto.

"Najua ni vigumu," alisema. "Lakini hizi ndizo takwimu pekee tulizonazo za joto la mwezi huu. Nani atazisafisha?"

Devota alitazama chini. Zipora akasema, "Mimi."

Alifanya kazi siku nne. Sehemu ya mwisho ya kadi, Imrani ndiye aliyekuwa na kamera, na Shaibu alikuwa mbele akitandaza mkanda wa kupimia, kwa hiyo alionekana mwili mzima. Picha ya mia moja themanini na nane alikuwa amegeuka, anatazama kamera. Zipora alikaa nayo tangu asubuhi hadi mchana. Alipita na kipanya kwenye kila mkunjo wa vazi lake, kwenye sikio, kwenye nywele zilizoinuliwa na maji, akakuza picha hadi aone chembe chembe za rangi. Alipounganisha mwanzo wa mstari na mwisho wake, Shaibu akawa mweusi.

Ikabaki kufuta. Alikaa mkono ukiwa juu ya kipanya. Alichohitaji ni kusimama, atembee hatua sita hadi meza ya Bwana Ernest, aseme, naomba hizi zisifutwe. Bwana Ernest angeuliza kwa nini, kwa nia njema tu. Na yeye angejibu nini? Hakuwa mke, hakuwa mchumba, hakuwa ndugu. Devota angegeuza kiti. Chumba kizima kingejua jambo ambalo hata Shaibu mwenyewe hakuwa ameambiwa.

Akafuta. Kisha akaandika ujumbe wa kwenda pwani, kama kanuni ilivyotaka: *Zimefika, zimehakikiwa.* Kule nao wakaifuta kadi ili itumike tena.

Ramani ya Nyamanga ilitoka baada ya wiki moja. Nusu ya mwamba ilikuwa nyeupe.

Juni, siku ya upepo baridi ule unaopenya mpaka kwenye mifupa, wageni wawili walipanda ngazi za ofisi. Mmoja alikuwa mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kanga juu ya baibui, na mkononi ana kifurushi cha karanga. Mwingine alikuwa msichana aliyemshika kiwiko. Walikuwa wametoka Mpwapwa kwa basi la alfajiri.

"Hodi wenyewe."

"Karibu mama, shikamoo," alisema Bwana Ernest akisimama.

"Marahaba baba. Mimi ni Bi Stara, mama yake Shaibu. Huyu ni Khairat, mdogo wake. Karanga hizi ni za shambani, msizidharau."

Viti vikatafutwa, chai ikaagizwa, pole zikatolewa na kupokewa. Bi Stara alisubiri ziishe.

"Sikuja kwa ubaya," alisema. "Mwanangu hakuletwa. Mashehe wakaniambia aswaliwe vivyo hivyo, akaswaliwa. Sasa ndugu wanataka wasome hitma, nimewakataza. Kila nikilala nasema labda alipanda tena juu nje ya mkondo, akaokotwa na meli ya watu wa mbali, yuko Komoro huko, hana simu. Khairat ananiona nimechanganyikiwa."

"Sijasema hivyo, mama," alisema Khairat.

"Hujasema, unanitazama." Bi Stara alimgeukia tena Bwana Ernest. "Imrani alikuja kunipa pole. Akaniambia asubuhi ile alimpiga picha Shaibu mle mle majini, amegeuka, na kwamba picha ziko kwenu. Basi nikasema, nikimwona mwanangu mle ndani kwa macho yangu, nitakubali kwamba aliingia, na nitawaruhusu wasome. Nisipomwona nitaendelea kusubiri. Mimi sijui kuwa mama wa mtu ambaye hayuko hai wala hajafa."

Bwana Ernest aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, macho yamemlowa. "Utamwona, mama. Zipora ndiye aliyeshughulikia picha hizo. Zipora, wafungulie."

Zipora aliketi mbele ya kompyuta yake. Alijua hakuna kitu. Hata hivyo alitafuta kwenye diski, kwenye jalala la kompyuta, kwenye folda za zamani, kama mtu anayepapasa mfuko aliokwisha kuupapasa. Nyuma yake alisikia viti vikivutwa. Bi Stara na Khairat walikuwa wameshakaa nyuma ya mabega yake, na pamoja nao harufu ya udi na vumbi la safari.

Kwenye folda ya Januari kulikuwa na picha chache alizozisahau kuzifuta. Moja ilimwonyesha Imrani kwa mgongo, amevaa vazi jeusi la mpira, mtungi wa hewa, glavu. Mavazi ya wazamiaji wote wawili yalikuwa sawa. Mtu yeyote angeweza kuwa ndani yake. Zipora aliifungua. Hakujua kama alikuwa ameamua kitu, mkono ulifungua.

"Ni huyu?" Khairat aliuliza kwa sauti ya chini.

Bi Stara alisogea mbele. Uso wake ulilegea, na Zipora akaona wazi kwamba akinyamaza tu, hata bila kusema ndiyo, mama huyu ataamini. Atarudi Mpwapwa na mgongo wa mtoto wa mtu mwingine.

"Si yeye," Zipora alisema. "Huyo ni Imrani."

"Na Shaibu?"

"Shaibu nilimfuta."

Bwana Ernest akaja haraka. "Mama, hapa tuna utaratibu. Picha ni nzito mno, tukishazisafisha huwa tunazifuta. Si kosa la binti, ni kanuni yangu mimi."

"Bosi," Zipora alisema bila kugeuka, "ningekuja kukuomba zile za Shaibu zibaki, ungekataa?"

Bwana Ernest aliitazama kanuni yake ukutani. "Nisingekataa."

"Sikuja."

"Kwa nini hukwenda?" Bi Stara aliuliza.

"Niliona haya, mama."

"Haya ya nini?"

Zipora alitazama vidole vyake juu ya kibodi.

"Wangeniuliza mimi ni nani wake," Zipora alisema hatimaye.

Bi Stara aliegemea kiti. Aliikaza kanga kifuani, na alipozungumza sauti yake haikupanda. "Nimetoka nyumbani gizani. Nimesema leo ni leo. Kumbe mwanangu alizama mara ya kwanza kule, na mara ya pili hapa, kwa haya ya mtoto wa watu." Akashika mkono wa Khairat ili ainuke. "Haya, twende."

"Mama," Zipora alisema, "umbo lake lipo."

"Umbo gani?"

"Nilipomkata, kompyuta ilitunza mahali alipokuwa. Ni peusi tu. Hakuna sura."

Khairat alisema, "Mama, tusijiumize zaidi." Lakini Bi Stara alikuwa amesimama katikati ya kuinuka na kukaa, na mwishowe akakaa.

Zipora alifungua kivuli cha mia moja themanini na nane. Kioo chote kikawa cheupe, na katikati, kama tundu lililokatwa kwa wembe, mtu mweusi alikuwa ameelea kwa ubavu, kichwa kimegeuka, mkono mmoja umenyooshwa nyuma ambako mkanda ulikuwa unatandazwa. Vinywele vilionekana kimoja kimoja.

Bi Stara alitazama. Mara akainua kidole, akakigusisha kwenye kioo.

"Bega hili," alisema. "Khairat, tazama bega."

Khairat alitazama, akafunika mdomo.

"Alianguka kwenye punda akiwa na miaka saba," Bi Stara alisema, kama anayewaeleza watu ambao hawakuuliza. "Mfupa ukaungwa vibaya. La kushoto limeshuka hivi hivi maisha yake yote. Fundi wa nguo alikuwa analalamika." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa ule weusi, polepole, kutoka shingoni hadi kwenye kiwiko. "Nani alikata hapa?"

"Mimi, mama."

"Kwa muda gani?"

"Asubuhi yote."

"Picha hii moja?"

"Hii moja."

Bi Stara aligeuka akamtazama Zipora kwa mara ya kwanza tangu aingie, akamtazama kama mtu anavyotazama kitambaa dhidi ya mwanga. Kisha akarudi kwenye kioo.

"Hapo aligeukia nini?"

"Kamera. Wazamiaji huitana kwa kugonga mtungi; Imrani aligonga, akageuka."

"Alikuwa amechoka?"

Hapo Zipora akaelewa kwamba, ukimtoa Imrani, ndiye mtu pekee duniani aliyekuwa na picha ile, na kwamba haikuwa kwenye diski yoyote. Hakuzoea kuzungumza. Shuleni walimu walimsihi apaaze sauti, na bado walipaswa kumsogelea. Lakini alianza.

"Hakuwa amechoka. Mdomo hauonekani, mama, kuna kile kifaa cha kupumulia. Ila macho yalikuwa yanacheka. Miwani ya kuzamia ilikuwa imeingia maji kidogo chini, upande huu, na kuna kiputo kimekaa hapa kwenye nyusi, hakijaondoka. Mwanga ulikuwa unatoka juu, unamchezea hapa shavuni, kama mistari. Ngozi ilikuwa ya kijani kidogo, maji ndivyo yanavyofanya. Mkono huu hakuvaa glavu. Kucha ya kidole gumba ilikuwa imepasuka."

"Alipigwa na mlango," Khairat alisema akilia. "Idi. Alipigwa na mlango wa jikoni Idi."

"Chini yake kulikuwa na matumbawe," Zipora aliendelea. "Meupe yote, hapa mpaka hapa. Alikuwa amekunja miguu asiyaguse. Wengine huwa wanayakanyaga. Yeye hata yaliyokwisha kufa hakuyakanyaga."

Bi Stara alisikiliza kichwa amekiinamisha, kama anayesikiliza habari za mtoto aliyekwenda kusoma mbali. Aliuliza kama maji yalikuwa baridi. Zipora akasema hapana, yalikuwa ya moto kuliko inavyotakiwa. Aliuliza kama Shaibu alionekana kuogopa. Zipora akasema hapana.

"Baada ya hii zipo nyingine?"

"Kumi na mbili."

"Nionyeshe."

Wakazipitia. Mtu mweusi aligeuka mbele tena, akashuka kidogo, akainama, akainuka. Katika moja yalibaki mapezi tu pembeni. Katika nyingine mkono tu. Zipora alieleza kila moja kilichokuwa ndani yake. Ya kumi na mbili, Shaibu alikuwa anapanda, miguu pamoja, mikono imekaa ubavuni, anakwenda juu kwenye boti kubadilisha kadi.

Zipora alibonyeza. Hakikutokea kitu. Akabonyeza tena.

"Hapo ndipo zinapoishia," alisema. "Akashuka mara ya nne, na kamera ilikuwa naye."

Bi Stara alikitazama kioo kwa muda mrefu. Chai aliyoletewa ilikuwa imeshaota utando juu.

"Aliingia," alisema. "Basi. Aliingia." Halafu akaanza kusema *Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un*, taratibu, neno kwa neno, na Khairat akamkumbatia kichwa, kwa kuwa tangu Aprili mama yake alikuwa amekataa kulitamka.

Walimwacha alie. Bwana Ernest alifungua dirisha akasimama akiwapa mgongo. Devota alikwenda kutafuta maji ya kunawa uso, akayaleta kwenye jagi la ofisi, akamshikia.

Saa nane Zipora aliwasindikiza chini. Alikuwa amemchapia Bi Stara kile kivuli kwenye karatasi, akakitia kwenye bahasha ya kaki, na Bi Stara aliipokea bila kusema asante. Upepo ulikuwa unasukuma mifuko ya saruji mitupu mbele ya duka. Khairat alisimamisha bajaji ya kwenda stendi.

"Sitakudanganya," Bi Stara alisema, mguu mmoja ukiwa tayari ndani. "Moyo wangu bado haujakusamehe. Sijui kama utasamehe. Ile picha ilikuwa yangu."

"Ndiyo, mama."

"Hitma tutasoma Ijumaa ya wiki ijayo. Ukifika stendi ya Mpwapwa, uliza nyumba ya Bi Stara muuza karanga. Utakuja?"

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Sijakuita usome. Nimekuita uje ukae na wanawake, uwaambie kama ulivyoniambia mimi. Shangazi zake hawajui ile habari ya macho." Alivuta baibui lisinaswe na mlango. "Na ukija, usiseme umetoka ofisini. Sitaki mtu wa ofisi kwenye msiba wangu."

"Niseme mimi ni nani?"

Dereva aliwasha injini. Bi Stara aliweka bahasha magotini, akailaza vizuri, akaishikilia kwa mikono miwili.

"Hilo ungemuuliza yeye," alisema. "Sasa hayupo. Sema wewe ni wa Shaibu, uingie."

Bajaji iliondoka. Zipora alibaki kando ya barabara, vumbi linampiga usoni, na hakuinua mkono kulizuia. Mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi alimuuliza kutoka mlangoni, "Binti, kuna msiba?"

"Ndiyo," alijibu, kwa sauti ya kusikika.

"Nani wako?"

Akamtajia jina.